Maziwa Yangu Yalivyokata Chai ya Ukoo Mzima

Mama amenisihi nisilitaje tena jambo hili mbele za watu, na ningemtii, ila bado nina hasira, hasira yenyewe haijui imlaumu nani, kwa hivyo wacha niwaambie tu mnicheke.

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule hapa Kitale. Sayansi sikuisomea popote, nimejifundisha mwenyewe kwa simu, na nikianza kitu lazima kitoke bila kasoro (kola moja naweza kuifumua mara nne, mteja amekaa pale ananitazama). Sasa Kukhu, nyanya yangu wa Bungoma, alipoanza kusahau, kwanza majina yetu halafu hadi njia ya chooni, nilisoma mpaka macho yakauma. Nikaelewa kwamba ndani ya ubongo kuna protini ambazo kila moja hujikunja kwa umbo lake, na chache zikijikunja vibaya hunatana, zikaziharibu na nyingine, bonge likavuta bonge, na mambo haya huanza miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jina moja.

Nyumbani wao walikuwa na jibu lao tayari: amerogwa. Na aliyemroga ati ni Kukhu Nafula, mke mdogo wa marehemu babu, yule yule anayemwosha na kumlisha kila siku wakati sisi wengine tunatuma salamu. Baba Mkubwa, kifungua mimba wa Kukhu, akaita mkutano wa ukoo Jumamosi waamue kama Nafula arudishwe kwao. Mwanamke mzee vile, wazazi na ndugu zake wote wameshazikwa, arudi kwao kwa nani?

Mtu mwenye akili angesimama aseme, "Mnamwonea." Mimi nikaamua kuandaa maonyesho ya maziwa, maana nayo yana protini zinazonatana vivyo hivyo.

Nilitaka majagi matatu: moja la maziwa freshi, moja la maziwa yaliyoganda, na la katikati, ambalo ndilo nililojivunia, la maziwa yaliyoanza kuharibika lakini kwa macho huwezi kujua. Ndimu niliikataa kwa sababu ingegandisha papo hapo na ugonjwa hauendi hivyo, kwa hivyo asubuhi ya mkutano, huko Bungoma, nikatia kijiko cha mala, yale maziwa machachu, kwenye maziwa vuguvugu nikayaacha yafanye kazi polepole (nilikuwa nimejaribu Kitale mpaka nikajua saa ya kuyatoa). Na sikuweka alama yoyote kwenye majagi, maana alama ingeharibu maonyesho, nilitaka watu wakisie wenyewe washindwe.

Basi walishindwa. Mchana, watu wamejaa uani, chai kwenye sufuria kubwa ikaonekana nyeusi, haina maziwa, Nafula akaingia jikoni, akaona jagi langu la katikati, akaja nalo akamimina mbele ya macho ya wote. Chai ikachemka, ikakatika. Mabonge meupe yakaelea juu ya maji ya kahawia.

"Si mmeona wenyewe," Baba Mkubwa akasema. "Hata chai inamkataa."

"Amegusa tu," shangazi akaongeza. "Amegusa tu, bana."

Nafula alisimama na jagi mkononi. Nami niliyejua kila kitu nikafungua mdomo, na badala ya kusema maziwa ni yangu, nikaanza mwanzo kabisa wa hotuba niliyoikariri: "Jameni, kwanza tuelewe protini ni nini."

"Protini si ni ile ya maharagwe?" akauliza binamu yangu Barasa.

"Iko pia kwa ubongo."

"Ati Kukhu ako na maharagwe kwa kichwa."

Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Ndipo nikasema kwa sauti kwamba maziwa ni yangu, mala nimetia mimi.

"Umetia nini kwa maziwa ya watu?" Baba Mkubwa akanigeukia. "Nekesa, nani alikutuma? Ni huyu Nafula?"

Kwa hivyo sasa tulikuwa wachawi wawili. Nikachukua maziwa yaliyobaki kwenye jagi, nikayatia kwenye sufuria ndogo nikampa yeye mwenyewe, nikamwambia, "Baba Mkubwa, chemsha kwa mkono wako, sisi tutakaa mbali." Hangeweza kukataa mbele ya ukoo. Akachemsha. Yakakatika.

"Haya," Barasa akasema, "na Baba Mkubwa pia arudishwe kwao."

Safari hii hawakunicheka mimi. Baba Mkubwa akaweka sufuria chini, akasema mambo mengine yataongelewa siku nyingine, na siku hiyo nyingine haijafika mpaka leo. Nafula bado yuko. Lakini msidhani kuna aliyeelewa ugonjwa. Kijijini habari ni kwamba mimi niliharibu chai ya ukoo, na shangazi hataki nikaribie jiko lake.

Hayo nayavumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni kwamba Nafula hakuniongelesha siku ile, aliingia ndani kumlisha Kukhu akafunga mlango, na alikuwa na haki, kwa sababu wakati watu wanamwita mchawi mimi nilikuwa natafuta sentensi nzuri ya kuanzia. Nimeapa: siku nyingine nikiona mtu anasingiziwa, nitasema kwanza kwamba anasingiziwa, kwa maneno mabaya yoyote yatakayotoka. Maelezo watanidai wenyewe, wakiyataka.