Bibi Mfinyanzi na Ngurumo Saba

Wenzangu tuliolelewa Ikombe, kando ya ziwa, enzi zile za kaseti, hebu tukumbushane. Nani kati yetu hajawahi kuanika betri juani? Zikiisha nguvu, unazipanga juu ya mwamba pembeni ya usipa wa mama, wale dagaa wa ziwa letu, unakaa hapo na fimbo ukifukuza kuku, na zikirudi kwenye redio zinakupa nyimbo mbili tatu kabla sauti haijaanza kulewa. Zikigoma kabisa, tunaziuma. Mwambie kijana wa leo kwamba sisi tuliuma betri kwa meno ili muziki utoke, uone atakavyokutazama. Kisha atarudisha macho kwenye simu yake.

Kaseti yenyewe ilikuwa moja kwa kijiji kizima. Aliileta mjomba Anyosisye, kaka yake mama, aliyekuwa akiuza vitenge na sabuni pale mpakani Kasumulu. Alishuka kwenye mtumbwi ameikumbatia redio, suruali imelowa mpaka magotini, redio kavu kabisa. "Tulieni," akasema, "hawa wanaitwa Ngurumo Saba." Ilikuwa bendi ya roki kutoka ng'ambo ya mpaka, na sifa zake zilikuwa zimezagaa kote, Zambia na Malawi. Sisi tulizoea kwaya na ngoma. Gitaa la kwanza lilipolia, nilidhani kuna kitu kinaungua ndani ya redio. Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni, jamani, na hata leo nikilikumbuka naona vinyweleo vinasimama.

Baada ya hapo kijiji hakikukalika. Kila kona ikazaa bendi. Gitaa ni galoni la mafuta na nyuzi za wavu, na ole wako baba akigundua wavu ni wake. Hatukujua neno hata moja la nyimbo zile, lakini tuliziimba zote, na aliyekosea tulimfukuza bendi. Mwalimu wa kwaya alitangaza kanisani kwamba huo ni muziki wa kumwita shetani. Haukupita mwezi tukamfuma nyuma ya kanisa anaigiza lile gitaa kwa mdomo, macho kayafumba. Pasaka ile kwaya yetu ilipiga vigelegele vya ajabu, na wazee wakasema Roho ameshuka.

Ngoma za bendi yetu sisi wasichana zilikuwa vyungu vya bibi. Bibi Sekela, mama yake mama yangu, alikuwa mfinyanzi, na pale gulioni Lyulilo hakuna aliyekuwa halijui jina lake. Wateja walishuka kutoka Ipinda na Kyela mjini wakimuulizia yeye. Walimwamini kwa sababu hakuwahi kuuza chungu chenye ufa. Kila kilichotoka motoni alikiinua, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kizima kinaimba, ngii. Chenye ufa, hata kama jicho halioni kitu, kinajibu pwa. Cha pwa alikivunja palepale, wala hakukisikitikia. "Moto umekikataa," alikuwa akisema, "mimi ni nani nikibembeleze?"

Mimi ndiye niliyekuwa nampokeza vyungu akivigonga. Basi siku moja akagonga kimoja, nikasikia pwa. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakiweka upande wa vizima. Nikamtazama. Akagonga kingine, kikaimba vizuri, akakiweka na chenyewe hukohuko. Nikajua kwamba bibi hasikii. Sikusema. Enzi zetu mtoto hamsahihishi mtu mzima, lakini nisijifiche nyuma ya adabu: niliogopa. Niliogopa kuwa mtu wa kwanza kumwambia.

Jumamosi iliyofuata kile chungu kikauzwa. Jumamosi ya pili mwanamke mmoja wa Ipinda akarudi nacho gulioni, watu wamejaa. "Mugonile, bibi," akaamkia kwa heshima zote. "Samahani, lakini chungu hiki kimenimwagia maharage yote motoni." Bibi yangu akamtazama usoni, akatabasamu, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Ndaga, mwanangu," akamshukuru, "karibu tena." Watu wakacheka. Mama akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Mimi nilitaka ziwa linimeze.

Bibi hakuwa mjinga. Alikiona kile chungu, akaelewa. Alirudi nyumbani akaketi. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa vikabaki vimepangwa ukutani, kwa sababu hakujua aamini kipi. Wapo waliomshauri anioneshe kazi, mimi niwe masikio yake. Akasema, "Chungu changu, sikio la mtu mwingine? Thubutu!" Basi akawa anakaa tu, mikono mapajani, yeye ambaye sikuwahi kuiona mikono yake mikavu. Mama alimwambia mjomba, nikisikia, kwamba asipofinyanga hatamaliza mwaka.

Ndipo habari ikafika: Ngurumo Saba wanakuja Kyela, watapiga mchana kwenye uwanja wa mpira. Nyie! Watu waliuza kuku, waliuza ndizi mbichi. Mjomba akaahidi kutuchukua. Tulikuwa tumeshaingia mtumbwini bibi akatokea, amejifunga kitenge cha kanisani, ana chungu kidogo mkononi, cha tangu enzi za masikio yake, alichomwahidi mke wa mchungaji wa Kyela. Mama akamuuliza kwa ishara anaenda kufanya nini kwenye makelele. "Hao," bibi akajibu, "ndio watu pekee siku hizi wanaosema nikasikia." Akapanda, akakaa mbele.

Tulifika Lyulilo, tukapanda lori, tukafika Kyela tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Uwanjani kulikuwa na spika kubwa kuliko mlango wa kanisa letu, na jenereta linanguruma. Tulisukumwa na watu mpaka mbele kabisa. Bibi aliketi chini na kukipakata chungu chake kisije kikakanyagwa. Kisha wakatoka. Mrefu mmoja, shati limefunguliwa vifungo, akalishika gitaa zito la besi akaupiga uzi mmoja tu. Haki ya Mungu, ile sauti sikuisikia masikioni. Iliingia tumboni, ikapanda kifuani, ikakaa.

"Subi!" bibi akaniita kwa kelele. "Subi, kuna mtu ndani ya chungu!"

Nikadhani umri umemzidi. Akanivuta mkono akauweka juu ya chungu, na mimi nikaruka. Kilikuwa kinatetemeka. Gitaa zito likipita mahali fulani kwenye wimbo, chungu kinaamka na kuitika, likihama, kinanyamaza, likirudi, kinaitika tena. Udongo wa Ikombe, uliochimbwa na bibi yangu kwa jembe, ulikuwa unaimba na Ngurumo Saba. Bibi hakuwatazama tena wale wanamuziki. Aliinama, viganja vyote viwili vimekikumbatia, machozi yanamdondoka. Mimi nililia bila kujua nalia nini. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na nimeona mengi.

Kesho yake tulipofika nyumbani hakungoja hata chai. Alikaa mbele ya vile vyungu vya ukutani, akaweka cha kwanza juu ya kiganja cha kushoto, akakigonga kwa kulia, akafumba macho. "Mzima." Cha pili. "Mzima." Cha tatu akakaa nacho, akagonga tena. "Mgonjwa huyu." Mimi pembeni nilikuwa nasikiliza kwa masikio yangu. Hakukosea hata kimoja. Alipomaliza alivivunja vitatu kwa furaha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuvunja nayo vyungu, na Jumamosi akashuka Lyulilo kichwa juu. Shingoni mwa vyungu vyake vipya akaanza kuchora mistari minne ya mawimbi kwa udongo mweupe. Gitaa lile zito lilikuwa na nyuzi nne.

Mistari ile ikapendwa, na wanawake wengine wakaiiga. Ukienda Lyulilo leo utaikuta, na wauzaji vijana watakuambia hayo ni mawimbi ya ziwa. Mimi hununua, nikanyamaza. Wale wavulana wa magaloni, wawili walikuja kuwa wapiga gitaa hasa, na yule mwalimu wa kwaya alizeeka akifundisha besi. Vijana wa sasa wana nyimbo za dunia nzima mfukoni. Wanapanda mtumbwi mmoja watu kumi, kila mmoja na waya zake masikioni, kila mmoja na wimbo wake, na mpiga kasia hajui wanatikisia vichwa kitu gani.

Miaka ya mwisho bibi hakusikia kabisa, hata radi. Ukija kumsalimia anakugeuza, anaweka kiganja mgongoni kwako, katikati ya mabega, anasema, "Sema." Unasema, naye anaitika kwa kichwa. Siku moja, nikiwa nimeshakuwa mama, nikamwambia kitu nilichokibeba miaka yote: kwamba kile chungu cha mwanamke wa Ipinda nilikisikia, nikanyamaza, nikamwacha akaaibike mbele za watu. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitumaini hakitamfikia. Kiganja kilikuwa bado mgongoni kwangu.

"Hilo nimelisikia," akasema. "Siku nyingine usiningoje niwe kiziwi kabisa."

Leo nina simu mbili. Watoto wangu wananitumia sauti zao kutoka Dar na Lilongwe, safi, hata kikohozi nakisikia, nami nashukuru. Lakini tangu tumzike bibi, hakuna mtu aliyenigeuza, akaniwekea kiganja mgongoni, akaniambia, "Sema."