Koko Alifungiwa Ndege kwa Sababu ya Salamu

Ukisikia kwamba mtu amefungiwa kupanda ndege, unamfikiria mlevi aliyempiga jirani yake, au mjanja aliyevuta sigara chooni. Nyumbani kwetu Kisangani alifungiwa koko. Koko ni mama wa papa yangu, mwanamke mwembamba wa Yanonge, mwimbaji wa kwaya, ambaye hata kwenye harusi hunywa maji. Alifungiwa kwa sababu ya salamu. Na aliyemtia kwenye mambo hayo ni mimi, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na sita, mwenye mdomo unaotangulia akili hatua mbili.

Koko alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mganga wa macho mwenye mashine zinazofaa yuko Kinshasa, donc mwishoni mwa likizo kubwa nikatumwa kumsindikiza, nikiwa ndiyo macho yake. Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Mganga akasema la kushoto lirudi baada ya miezi miwili, lisikawie, kwa sababu limekwisha kukomaa na likiachwa litaharibika kabisa. Koko akatikisa kichwa kwa utii. Siku walipomwondolea bandeji alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ni hivi uko." Sikuuliza hivi ni vipi.

Sasa, jambo moja kuhusu sisi watu wa mto: hatupiti nyumbani kimya. Baleinière, lile boti refu la mbao linalobeba watu na magunia, likikaribia kijiji chako, unasimama. Unavua kitambaa cha kichwa, unapunga, unaita kwa sauti yote uliyonayo, na walioko ukingoni wanaitikia. Kapiteni mwenye adabu anapunguza mwendo wa moteur na kupiga honi. Ukipita umekaa, kabla ya kuoga jioni kijiji chote kinajua kwamba umeanza kujiona. Koko husimulia habari za kijana mmoja aliyepita Yanonge amelala juu ya magunia. Mwezi uliofuata alipokuja kuposa, wazazi walimwambia binti naye amelala.

Mimi hayo yote nayajua. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Tulikuwa tunarudi. Ndege ilianza kushuka, nami nilikuwa dirishani, nimechoka kukaa vizuri. Chini kulikuwa na mto, msitu, na vipande vya bati vinavyong'aa. Kutoka juu, kila kijiji ni bati kidogo ndani ya pondu nyingi, yaani majani ya muhogo. Ningeweza kusema pale ni Roma.

"Koko," nikasema, "angalia kule chini. Si Yanonge ile?"

"Yanonge? Wapi?"

"Pale, karibu na muto. Na weye umeikala tu! Batasema tangu alipata jicho ya Kinshasa, hasalimie tena batu."

Nilitaka acheke. Koko hakucheka. Alifungua mkanda, akanipanda mapajani kama mtu anayepanda pirogue, ule mtumbwi wa mti, akavua kitambaa, akaanza kupunga mbele ya dirisha huku akiita kwa sauti ya kwaya: "Niko napita eee! Niko muzima eee!"

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaruka. "Ni Yanonge? Bwana yangu ni wa kule!" Akasimama naye. Watu wa Isangi wakasimama kwa sababu Isangi na Yanonge ni majirani. Mfanyabiashara mmoja wa Barumbu, kijiji tulichokwisha kukiacha mbali nyuma, akasimama pia, akisema salamu haiozi. Kwa dakika moja upande wetu wa ndege ulikuwa soko la asubuhi.

Mhudumu alikuja akishika viti. "Mama, ikala! Ndege iko nashuka! Asseyez-vous, bote!"

"Mwana yangu," koko akamwambia kwa upole mkubwa, "ambia kapiteni apige honi. Moja tu."

Yule dada akaenda mbele karibu anakimbia. Muda mfupi baadaye tulisikia mashine zikinguruma, pua ya ndege ikainuka, msitu ukaenda mbali tena. Kapiteni aliacha kushuka. Alifanya mzunguko mkubwa, na mimi nikaanza kuelewa kwamba mchezo wangu umekua kuliko mimi. Nikamvuta koko nguo. Akaketi, ameridhika, anajifunga kitambaa.

Hapo ningeweza kusema neno. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni: Koko, nilikuwa nachezea tu. Lakini ndege ilizunguka ikarudi juu ya mto, na vile vipande vya bati vikapita tena dirishani. Koko akaviona kwa jicho lake jipya.

"Ah! Kapiteni huyu iko na adabu!" akasema. "Amerudilia juu yetu, tusalimie tena!"

Akasimama mara ya pili. Na wale wengine wote naye.

Uwanjani tulipokelewa na polisi wawili na mkuu wa ofisi ya kampuni ya ndege, mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Koko alidhani ni mapokezi, akawapa mkono. Alipewa karatasi. Papa aliisoma mara mbili palepale kwenye parking: abiria aliyeketi kiti fulani amechochea wenzake, mara mbili, ameamuru rubani apige honi, na kwa hiyo hatapanda ndege za kampuni hiyo kwa miezi kumi na miwili. Kampuni nyingine zilipewa jina lake pia.

"Mama," papa akauliza, "ulifanya nini?"

"Nilisalimia."

Hakusema nani alimwambia asimame. Alinitazama tu, kisha akatazama kwingine.

Bon. Wiki ya kwanza niliifanya kuwa teatro. Shuleni nilimwigiza koko, nikaigiza dada wa ndege, nikaigiza mtu wa Barumbu, na madarasa mawili yalikuja kunisikiliza wakati wa mapumziko. Nyumbani papa alikuwa anahesabu siku. Kwa baleinière kushuka Kinshasa ni majuma, pengine zaidi kama maji ni machache, na katika moshi na vumbi la mkaa ambalo mganga alilikataza. Alikwenda kwenye ile ofisi mara mbili. Mara mbili alirudi akiwa na uso wa mtu aliyesubiri sana.

Kisha Jumamosi moja nilimkuta koko uani akichambua samaki wakavu. Alikuwa amefunika jicho la kulia kwa kiganja, lile zima, anajaribu kuchagua kwa la kushoto. Alimshika samaki, akamgeuza, akamweka upande wa mifupa ya kutupa. Akamshika mwingine, naye vilevile. Wote wawili walikuwa wazuri.

"Koko, uko nafanya nini?"

"Niko najifunza. Kama hii itakufa, nijue kuishi na moya." Akaondoa kiganja, akaona sura yangu. "Usilie, we mutoto. Moya inaenea, inatosha. Ile ingine ingeona nini? Bongo yako mara mbili?"

Kwetu bongo ni uongo, na ni koko pekee anayeweza kunichekesha na kuniua katika sentensi moja. Nilikwenda moja kwa moja kwa papa, nikamwambia yote, hata habari kwamba sikujua kama pale ni Yanonge. Papa akavaa viatu. "Twende. Utasema vile mbele ya mukubwa wa ofisi."

Mkuu wa ofisi alitusikiliza huku akifuata kwa kidole mistari ya karatasi aliyoandika rubani. Nilimweleza habari za baleinière, kitambaa na honi. Nilimweleza kwamba koko alidanganywa, na mwongo ni mimi. Mkuu alipofika kwenye mstari wa honi alijifunika mdomo kwa ngumi, akakohoa muda mrefu.

"Na mara ya pili? Aliona ndege imepanda tena, na bado akasimama?"

"Tonton, alifikiri kapiteni amerudilia juu yake."

Alikohoa tena. Alipomaliza alikuwa na uso wa kazi. "Rubani alisaini. Karatasi hii haiwezi kukaa bila jina."

"Andika yangu," nikasema.

Papa akanitazama. Mkuu akachagua kalamu ya katikati, akakata jina la koko, akaandika langu juu yake, herufi kubwa. Miezi kumi na miwili. Koko angesafiri, kwa sharti akae mbali na dirisha na mkanda usifunguliwe. Papa alimpigia simu palepale kumwambia. Tulimsikia sote akijibu: "Na kusalimia na kinywa tu, iko marufuku?"

Mkuu alifikiri sana. "Polepole," akasema. "Kwa sauti ya kanisa."

Papa ndiye aliyempeleka. Mimi nilibaki na samaki, na kwa mara ya kwanza darasani sikuwa na kitu cha kuigiza. Nilikuwa nangoja simu. Ilikuja siku ya tatu: jicho la kushoto linaona.

Walirudi wiki mbili baadaye. Koko aliingia uani polepole, akitazama kila kitu kana kwamba kimepakwa rangi jana: kuku, sufuria, ukuta, mimi. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku, akaniambia asante. Nilikuwa karibu kulia kweli. Kisha akaomba bulletin yangu, ile karatasi ya alama za shule, ya mwaka jana.

Miaka mitatu koko hakuweza kusoma, na jicho la kwanza pekee halikumtosha kwa herufi ndogo, ijapokuwa alisoma kwa masista kuliko sisi wote. Miaka mitatu bulletin zangu nilimsomea mimi mwenyewe, kwa sauti nzuri, na kwa ukarimu.

"Iko wapi, nasema?"

Nikaileta. Akavuta kiti mpaka penye mwanga, akaanza na hesabu.