Honi ya Baba na Bangili ya Mama

Harufu ya rangi ya mafuta ikinipita puani hata leo, napandwa na hasira kabla sijajua nakasirikia nini. Kisha nakumbuka: pikipiki ya baba. Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na Mhunze, pamba ikiwa imeshavunwa, na kwetu Wasukuma huo ndio msimu wa kushindana ngoma. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule atakayewavuta watazamaji wa mwenzake. Kucheza vizuri hakutoshi. Lazima uje na kioja. Baba alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, na mwaka uliotangulia mpinzani wake, Mzee Lubango, alikuja na gramafoni. Uwanja mzima ukahamia kwake, baba akabaki akitumbuiza mama, mimi na pacha wangu Doto, na mbwa. Vijana wake wakamwambia bila kumung'unya maneno: tukiachwa tena hivi, tunahamia kwa Lubango.

Basi baba akaamua kwamba pikipiki yake kuukuu, aliyoipata kwa kutoa ng'ombe ambao mama bado aliwataja kwa majina, itaingia uwanjani ikiwaka na kulia. Akatafuta honi ya lori bovu na taa mbili. Lakini kwanza akaipaka rangi: nyekundu na nyeupe, rangi za kundi lake, mkono juu ya mkono, mpaka fremu ikanenepa. Ndipo akafunga honi chini ya tangi, jirani na injini, na taa kwenye usukani, akavuta waya kutoka kwenye betri, akatuita tushuhudie, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, safari hii amefumba macho, sijui kwa nini. Kimya vilevile.

Yaliyofuata yalitutoa roho. Akabadilisha waya. Akabadilisha swichi. Akaipeleka betri kwenye kinu cha pamba ikajazwe umeme, ikarudi imejaa, honi ikaendelea kununa. Cha kuudhi zaidi, akiifungua na kuigusisha moja kwa moja kwenye betri, ililia mpaka ndama wakakata kamba. Taa nazo vivyo hivyo: chini zinawaka, zikipanda kwenye pikipiki zinakufa.

"Ikiwa mkononi inalia, nikiifunga inanyamaza!" baba alilalamika.

"Hata mimi nilikuwa naimba kabla hujanioa," mama akajibu, akiendelea kuchambua choroko.

Baba hakucheka. Alikata shauri kwamba Lubango ameifunga honi mdomo kwa dawa. Akatafuta dawa ya kuizindua, akaisiliba fremu nzima, na ili isifutike, akapaka rangi mkono mwingine juu yake. Nikikumbuka hapo natamani kurudi utotoni nimnyang'anye ile brashi.

Asubuhi ya mashindano vijana walikuja wamevaa njuga, wakasimama wakiangalia. Baba alikuwa anabonyeza swichi kama anayeua chawa. Mama akaja kudai kisu chake cha mboga, ambacho baba alikuwa amekichunia waya, akakisahau kati ya honi na injini. Akapenyeza mkono. Bangili yake nzito ya shaba ikagusa bati la honi upande huu na injini upande ule. Paaa! Kuku wakatawanyika, Doto akakaa chini bila kupenda. Mama akatoa mkono, kimya. Akarudisha, paaa!

Miaka mingi baadaye, darasani sekondari, mwalimu alieleza kwamba umeme ukitoka hauna budi upate njia ya kurudi, na kwenye pikipiki njia hiyo ni chuma chenyewe. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Baba alikuwa ameipaka njia rangi! Kukwangua kidogo tu chini ya skrubu kungetosha. Lakini siku ile yeye aliona dawa ya Lubango imeshindwa na bangili.

"Mama Kulwa, nipe hiyo bangili."

"Ya bibi yangu? Ukiitaka, ichukue na mkono wake."

Akaichukua na mkono wake. Mama, aliyeziona ngoma zote kuwa upuuzi, akaingia uwanjani ameinama kando ya pikipiki, uso umekunjamana, baba akibonyeza na kuimba sifa zake. Ila mama aligusisha alipotaka yeye, na alitaka kila baba alipofika kwenye sifa. "Mimi simba wa..." Paaa! Watu wa karibu wakacheka, wa mbali wakaja kuuliza, na mwisho Lubango mwenyewe akaiacha gramafoni ikijiimbia.

"Mayu," akamwita mama kwa heshima ya Kisukuma, "hapa ningi ni nani, ni yeye au ni wewe?"

Mama akamjibu kwa bangili.

Hakuna kijana aliyehama.

Bangili hiyo sasa iko mkononi mwangu, mimi niliyebaki nyumbani wakati Doto anazunguka dunia. Juzi mjukuu wangu aliipamba bodaboda yake kwa taa za kila rangi na honi mpya, zikazimika zote mlangoni kwangu. Nikamwambia akwangue rangi. "Bibi, hii ni plastiki," akasema, akampigia simu fundi. Hata hivyo nilipenyeza mkono, nikagusisha. Hakuna kitu. Fundi akaja, akaitengeneza mara moja, honi ikalia vizuri kabisa, kama zote zinazolia barabara hii tangu alfajiri. Hakuna hata kuku aliyegeuza shingo.