Rafiki Yangu Anauza Katuni Zetu kwa Kujifanya Mimi

Admin, nifichie jina, maana Mji wa Kale ni mdogo na mimi najulikana hadi na paka wa sokoni. Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, fundi wa vyerehani. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, walimu ndio walioishiwa na cha kunifundisha. Cherehani mbovu ikinisikia nakohoa mlangoni huanza kushona yenyewe. Sijisifu, nataka tu mjue anayeandika si mtu wa kulialia. Lakini hapa nilipo moyo umevunjika, na aliyeuvunja ni rafiki wa miaka thelathini.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, nimwite Zuhura. Tangu ana miaka sita akija kukaa karibu nami nimhadithie mambo yangu: vile nilivyomfukuza mwizi juu ya madari, nikaruka nyumba saba na bakuli la faluda mkononi lisimwagike, vile jeki ilivyoteleza pale Makupa, nikalishikilia lori la saruji kwa bega moja mpaka utingo akatoka chini yake. Sasa ni binti wa miaka ishirini na nne, na mkono wake wa kuchora, wallahi, sijauona popote. Mwaka juzi akavichora visa hivyo, akadunduliza mshahara wake, akapeleka kuchapwa kitabu cha katuni: Mjomba Bega.

Alitaka kuweka jina langu na picha yangu nyuma ya kitabu. Nikakataa. Kijicho, jamani! Mtu kama mimi akijianika vile, mwezi haumwishii. Nikamwambia, "Weka Mjomba Bega tu, wanaonijua watanijua." Hapo ndipo nilipokosea.

Vitabu vikajaa chumbani kwake mpaka kitanda hakionekani. Sasa vitoke vipi? Duka la vitabu lilitaka karibu nusu ya bei, na bado likaviweka chini, nyuma ya vitabu vya hesabu. Zuhura akasema, "Mjomba, tukiweke kwenye simu. Watakisoma Unguja, watakisoma Muskati." Nikamjibu kitabu ambacho huwezi kumpigia nzi si kitabu. Nikamwita Bakari, ndiye rafiki mwenyewe, naye jina nimembadilisha.

Bakari ni mtu wa leso, yaani kanga. Huchukua mabunda hapa akawapelekea wenye maduka Lamu, Malindi, Kwale mpaka Voi, kwa mali kauli: waacha bidhaa, mtu akiuza ndipo akulipe, hakuna karatasi, ni neno tu. Akavitia vitabu ndani ya mabunda ya leso. Mama akija kununua leso, mtoto aona picha, alia, anunuliwa. Vikauzika mpaka tukachapa cha pili. Na pesa alileta sawasawa, sitamsingizia. Angeiba pesa ningemsamehe.

Mwezi uliopita nikaenda Malindi harusini. Nikapita duka moja la leso, nikaona vitabu vyetu vimetundikwa mlangoni. Kifua kikanijaa. Nikamwuliza mwenye duka, mama mtu mzima, "Mama, huyu Mjomba Bega mwamjua?"

"Tukose kumjua? Si ndiye atuleteaye vitabu! Bakari. Juzi watoto walimshika mpaka akavua shati, akawaonyesha kovu la lori."

Kovu la lori! Jamani, lile ni kovu la jipu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, akilia njia nzima. Nikamwambia yule mama, "Mjomba Bega ni mimi." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Baba, wewe hata hilo bunda la leso hulinyanyui." Duka zima likacheka. Nimechekwa mimi, ndani ya kisa changu mwenyewe.

Niliporudi nilimweleza Zuhura yote kwa hasira, kisha nikamwendea Bakari.

"Yakhe, umeniuza."

"Nimekuuza wewe au nimeuza vitabu?" akajibu huku afunga bunda. "Nikisema mwenyewe yuko Mombasa atia mafuta vyerehani, hawavitazami. Wataka kumwona mtu. Nikawapa mtu."

"Basi ukienda tena waambie kweli."

Akaiacha kamba. "Kweli gani, yakhe? Siku ile si nilikuwa nawe? Lori lilizuiwa na mawe. Wewe ulikuwa umeshika muhogo wa kuchoma, wapiga kelele tu, leteni mawe, leteni mawe! Nikaseme hiyo?"

Na kwa kuwa humu hamnijui, nakiri: alisema kweli. Na yale madari, lilikuwa dari moja, na mwizi alikuwa paka. Faluda ilikuwepo.

Lakini visa ni vyangu! Nimevilea miaka yote hii mpaka vikawa vikubwa. Kama mimi sikulishika lile lori, basi yeye ndiye asiyelishika zaidi.

Zuhura hajui haya. Amewaka moto. Ataka tuvitoe vitabu vyote kwa Bakari, na kitabu cha tatu tukiweke kwenye simu, na jina langu, na picha yangu, na maneno ya shahidi aliyeniona siku ile ya lori. Bakari naye ameniambia wazi: nikimnyang'anya vitabu, atamweleza mtoto nani alishika nini. Nikimwachia, Mjomba Bega atakuwa yeye mpaka wajukuu. Na ukurasa wa kwanza wa kitabu cha tatu nimeshauona mezani kwa Zuhura: "Kwa mjomba wangu, aliyeyafanya yote haya."

Jana alikuja kibandani kwangu na penseli yake. "Mjomba, ile ya lori naichora upya, kurasa mbili nzima. Lilikuwa bega la kulia au la kushoto?"

Sikumbuki nilimwambia lipi mwanzo. Nikamwambia nina cherehani ya watu, aje kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo, baada ya Asri. Ndugu zangu mlio humu, mtoto huyu yuaja na penseli. Nimwambie nini?