Mke Wangu kwenye Benchi la Nazia

Nianze kwa kusema kweli: Daktari Nazia simpendi. Hajanikosea lolote. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, daktari," kwa adabu zote, nami naitikia marahaba kama ninayemeza shubiri.

Alikuja kituoni kwetu huku Mkinga miaka miwili iliyopita, binti wa muuza vitambaa wa Tanga mjini. Mimi nilikuwa nimeshatibu hapa miaka ishirini na mitatu. Nikajipa moyo kwamba joto na vumbi vitamrudisha kwa mama yake kabla ya Ramadhani. Wapi! Akajifunza mpaka salamu za Kidigo, akawa anacheka na akina mama hadi sauti zao zinanifikia chumbani kwangu.

Kilichoniuma zaidi ni kliniki ya sukari ya kila Alhamisi. Ilikuwa yangu peke yangu, hadi tukaagizwa tugawane wagonjwa. Wagonjwa wangu walikuwa na sukari nzuri, sita, saba, nane kwa nadra. Aliyezidi nilimfokea mbele ya wenzake, na mwezi uliofuata alikuja na sita. Nikajiona bingwa. Wa Nazia walikuwa na kumi na mbili, kumi na nne, na bado benchi lake lilijaa huku langu likipungua. Mzee Uweso, niliyemtibu tangu kichwa chake hakina mvi, alipita mlangoni kwangu akijifanya anatafuta choo, kumbe anakwenda kujipanga kwake. Nilimwona. Nilitamani sukari yake ipande, Mungu anisamehe.

Basi Alhamisi moja nikatoka nje kunyoosha mgongo. Kwenye benchi la Nazia, kando ya Mzee Uweso, alikuwa ameketi Bertha. Bertha mke wangu! Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini mimi nilijigamba kwamba naganga mpaka nyumbani kwangu. Miaka minane nimempima sukari kwa mkono wangu kila Jumamosi asubuhi, na namba yake ni sita. Huwa naitaja hata kanisani, misa ikiisha.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri zamu yangu, Baba Asheri," akasema, kama aliyepanga foleni kwenye mashine ya kusaga.

Nilirudi ndani. Siku nzima niliandika dawa bila kuona ninachoandika. Tulipofika nyumbani nikalipuka.

"Miaka minane, Bertha! Nimekukosea nini hata ukanivue nguo mbele ya kitoto kile?"

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Kila Ijumaa sili," akasema. "Nashinda na maji ya mwarobaini, ili kesho yake usinifokee. Na wagonjwa wako wote hufanya hivyo kabla ya Alhamisi. Uweso alikuwa anafunga siku mbili nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unapima tu. Leo Nazia amenipima kwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, ikatoka kumi na moja. Hakupiga kelele. Akaniuliza nakula nini siku ambazo sipimwi. Halafu akaniambia nivue viatu."

"Viatu vya nini?"

Akanyoosha mguu wa kushoto. Chini ya kidole gumba kulikuwa na bendeji. Ni kidonda, akasema, na Nazia amekikadiria kuwa cha kama wiki tatu. Hakiumi, maana sukari hutia miguu ganzi, ndiyo sababu hakuwa na habari nacho. Wiki tatu tumelala kitanda kimoja. Kwenye kadi ya mgonjwa wa sukari kuna mahali pa miguu, na mimi nimeandika "salama" mara elfu bila hata kuinama.

Nikapiga magoti. "Ngoja nifungue nikione."

Akaurudisha mguu nyuma. "Daktari amesema kisifunguliwe mpaka keshokutwa."

Katika nyumba hii, miaka yote, daktari nilikuwa mimi. Nikabaki palepale sakafuni, nikiitazama bendeji ile ilivyofungwa vizuri, vizuri kuliko ninavyofunga mimi, na wivu ukanichoma hata hapo, hapo ambapo mwanamume mwenye akili zake angekuwa anamwomba Mungu mguu wa mkewe usikatwe.