Upande wa Juu wa Mti

Mume wangu watu walimwita Futi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupima miti kwenye shamba la misonobari: anazungusha utepe kwenye shina, anasoma namba, mwenzake anaandika, wanahamia mwingine. Kutwa nzima anakumbatia miti. Wifi yangu hakuacha kunitania: "Wifi, una wake wenza wengi, tena wote wamekupita urefu." Namjibu, "Waache, hao hawaombi nguo wala viatu."

Tulikutana humo humo shambani, kilima kikiwa kitupu. Mimi nilibeba miche, yeye alichimba mashimo. Kijana mwembamba, mbishi. Shimo likipungua kina analirudia hata kama nyapara ameshapita. Siku hiyo nimesimama na mche mkononi, jua linanichoma, nikashindwa kuvumilia: "Kaka, unapanda mti au unazika mtu?" Akacheka mpaka jembe likamponyoka. Basi, mambo yakaanzia hapo. Tukaoana, tukapata nyumba chini ya kilima kile, watoto wakazaliwa, na miti ikakua pamoja nao. Dirisha la jikoni lilikuwa kijani tupu, na upepo ukivuma nyumba nzima inanukia utomvu. Jamani, harufu ile! Naitamani mpaka leo.

Siku moja akarudi kazini kakunja uso. Uongozi umesema miti ya kilima chetu imekomaa, ikatwe mbao. Ila kuna kampuni ya hewa ukaa iko tayari kulipa ili ibaki imesimama, mradi kaboni iliyomo ifikie kiwango wanachotaka. Na wa kuipima ni yeye.

"Kaboni ndiyo mdudu gani?" nikamuuliza.

"Masizi unayoyasugua kwenye sufuria, ndiyo hiyo hiyo. Mti unaivuta hewani, unaihifadhi mwilini. Ukijua unene wa mti na urefu wake, unakokotoa uzito bila kuukata. Toa maji yote, karibu nusu ya kinachobaki ni kaboni."

"Kwa hiyo mti ukinenepa umepona?"

"Ndiyo hivyo, mama watoto."

Mimi nikashangilia, nikaona yamekwisha. Lakini siku ya kupima nilipompelekea chakula, nikamkuta anazirudia namba alizoandika mwenzake. Udongo wa kilima kile ulikuwa na mawe, na miti yetu, niliyoiona mikubwa kutoka dirishani, ilikuwa myembamba.

"Haifiki?"

"Naona haitafika. Itapungua kidogo tu."

Sasa sikilizeni. Mti hupimwa usawa wa kifua, kwa fimbo iliyokatwa kimo kimoja, ili mpimaji mrefu na mfupi wapate jibu moja. Kwenye mteremko, fimbo husimamishwa upande wa juu wa mti. Ukiisimamisha upande wa chini, utepe unashuka karibu na mizizi, na huko shina ni nene zaidi. Hayo nilikuwa nayajua. Nimeishi na mtu asiyezungumza kingine mezani.

"Baba watoto," nikamnong'oneza, "hamia upande wa chini. Nani atajua?"

"Mti utanenepa kwenye karatasi tu."

"Si karatasi ndiyo itakayouokoa! We mwanamume, huo ukweli wako utatuanika juani!"

Mwenzake alikuwa ameenda kunywa maji. Futi akashuka upande wa chini, akasimamisha fimbo, akazungusha utepe. Nikamwona amebana midomo, kidole kiko kwenye namba. Kisha akaufungua utepe, akapanda upande wa juu, akapima upya, akamwita mwenzake aje aandike. Nikaweka bakuli chini, nikaondoka bila kuaga.

Kiwango hakikufikiwa. Upungufu wenyewe kiduchu, na hilo ndilo lililonikata maini. Misumeno ikaja. Tulikuwa tukila huku tunaisikia miti yetu ikianguka, na walipomaliza, jua likaingia jikoni mpaka mvunguni mwa meza. Futi akakaa kitandani akalia, yeye ambaye hata alipomzika mama yake hakutoa chozi. "Nisamehe," akasema. Nilikuwa nimemnunia siku nyingi. Nikakaa karibu naye, nikalia naye.

Mume wangu ameshatangulia. Watoto hunitania, eti mama, siku ile ingerudi ungefanyaje? Ningemsihi tena ahamie upande wa chini, tena safari hii ningepiga kelele. Na yeye angepanda juu vile vile, kichwa ngumu yule. Kukosekana kwa msitu nimeshazoea. Kukosekana kwake nimeshindwa.