Njia ya Nyunzu na Kiu ya Kamyoneti

Sisi ambao tulisoma kidogo na kuoga ziwani sana, tutaelewana. Wakati tulipokuwa watoto hapa Kalemie, magari hayakuwa mengi, na mutoto alikuwa anajua gari ya nani inakuja kabla ya kuiona. Ya papa yetu ilikuwa kamyoneti ya rangi ya udongo. Yake ni kusema tu, kwa sababu mwenye gari alikuwa mufanyabiashara mumoja wa samaki, muzee mwenye kofia nyeupe ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa. Papa alikuwa anapeleka ndagala Nyunzu na kurudi na mahindi, karanga na mawese. Kwa hiyo watoto wa ile nyumba tulikuwa tunanuka vitu viwili hata siku ya Noeli: ndagala na esanse, yale mafuta ya gari. Mama alitusugua mupaka ngozi inalia, bure tu. Kwenye masomo mwalimu alitupanga karibu na dirisha, na mimi nilifikiri ni heshima.

Basi, nilitaka kusema juu ya mwendo. Ile kamyoneti, kontere yake, ule mushale unaoonyesha gari inakimbia kiasi gani, ilikufa zamani, na Papa hakuitengenezesha. Siku za konji, masomo yakifungwa, alitupandisha juu ya mifuko, mimi na mudogo wangu Feza na watoto wa majirani, na tulikuwa na kazi moja: kuimba. Usifikiri ulikuwa muchezo. Wimbo ulikuwa wa kutwangia muhogo, tuliupokea kwa Mama, na kila pigo la mutwango lina nafasi yake. Papa akifika kwenye tambarare, anaingiza vitesi ya nne, ile gia ya mwisho, anaachilia muguu mupaka motere inanguruma sambamba na wimbo. Huo njo mwendo wake. Alisema hapo gari inailamba esanse, haiinywi.

Tulimuuliza kwa nini hakimbizi kama wengine. Akatuambia tufungue mikono hewani.

"Huu upepo unakupapasa, si ndiyo? Nikikanyaga, utakupiga makofi. Yale makofi yote motere njo inayakula, na inanidai esanse."

Na mambo ya vitesi alitueleza hivi: "Wewe ukienda sokoni na mama yako, nani anafika amechoka? Wewe, mwenye hatua fupi nyingi. Vitesi ya kwanza na ya pili ni miguu yako. Ya nne ni miguu ya mama yako." Lakini kwenye mulima hakuilazimisha ile ya nne, alisema motere itakohoa sawa mutu aliyekwamwa na mufupa wa samaki. Mama alimucheka sana. "Papa yenu anaendesha sawa mutu aliyebeba mayai ya mukwe wake."

Siku moja Feza alishikwa na njaa. Feza njaa haikumupatanisha na mutu. Akaanza kuharakisha wimbo kidogo kidogo, na sisi tukamufuata, na Papa kule ndani akatufuata sisi bila kujua. Upepo ukawa wa makofi kweli, na tukafurahi. Esanse ikaisha tukiwa tunaona mapaa ya Nyunzu. Papa akashuka, akazunguka gari yote, akatuangalia.

"Nani anatwanga muhogo namna hii? Ni muhogo ao munaua nyoka?"

Tulisukuma mupaka sokoni, wamama wakitupigia vigelegele vya kutuchekelea. Feza alikataa kushuka. Eti yeye ni mwimbaji, si musukumaji.

Lazima niseme na njia, maana vijana wakisikia nasema njia wanafikiri nasema hii ya leo. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake, na wanaume wake wa kukilima, tuliwaita kantonye. Majani yamekatwa, maji yana mufereji wake, shimo linajazwa kabla halijapata mutoto. Tulikunywa chai Kalemie, tukala bukari Nyunzu, na jua bado liko juu.

Leo watu wanakimbia vita kule na mafurushi kichwani, wanakuja kukaa Katanika, hapa pembeni ya Kalemie, chini ya maturubai, na ukiwauliza juu ya njia wanakuonyesha miguu yao.

Feza aliolewa Nyunzu, akabaki kule hata wakati wa vita. Mutoto wake Trezo yuko hapa Kalemie, naye ana kamyoneti. Ni kijana mwema. Lakini ni kijana wa leo: anajua majina ya wacheza mupira wote wa Ulaya, sauti ya motere yake mwenyewe haijui, kwa sababu muziki unaifunika. Akaweka magurudumu makubwa, gari ikasimama juu sawa korongo.

"Mujomba, ona urefu!"

"Urefu wa kwenda wapi?"

Alicheka. Lakini kweli, na yale magurudumu motere haikuweza tena kuibeba vitesi ya nne. Ilihangaika na ya tatu hata kwenye tambarare, na kunywa, kunywa.

Masika hii habari ikafika kwamba Feza tumbo limemuvimba, na muganga wa kule amesema apelekwe Kalemie kupasuliwa, haraka. Treni haikuwapo. Mashua za Kigoma zilikuwa hazijaleta esanse, mujini wanauza kwa chupa, na chupa zenyewe unazitafuta. Trezo akakusanya alizopata.

"Itatosha kwenda na kurudi, Mujomba."

Nikapanda naye. Kutoka mujini kuna kipande ambacho mashini ilikuwa imekikwangua karibuni. Akaruka. Madirisha wazi, upepo unatuchapa mashavu.

"Trezo, punguza."

"Mama yangu ananingoja kule, Mujomba. Nipunguze?"

Nikapandisha kioo cha upande wangu.

Kisha kile kipande kikaisha, tukaingia kwenye mashimo. Ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Motere inalia mulio wa mulima na sisi tuko kwenye tambarare. Tulifika. Feza alikuwa amelala kwenye mukeka, mwembamba, tumbo tu njo kubwa. Akaniangalia, mimi kaka yake mukubwa.

"Yaya, umezeeka vibaya. Mimi niko mugonjwa. Wewe una sababu gani?"

Tukamulaza nyuma juu ya godoro, nikakaa karibu naye kushika kichwa chake kisigonge. Kila shimo alikunja uso, hakulia. Esanse ikaisha kabla ya Niemba, hata nusu ya njia ya kurudi hatujafika, kwenye kakijiji ka nyumba chache. Trezo akachukua bidoni tupu ya esanse, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, akaenda kutafuta. Wamama wa pale wakaleta maji na kitenge cha kutufunikia jua. Feza akaomba nimugeuze upande. Nikamugeuza. Hakusema kitu kingine.

Trezo nilimuona tangu mbali, nyuma ya ile pikipiki, anainua bidoni juu kwa mukono mumoja.

"Mujomba! Nimepata!"

Tulimuzika palepale. Joto lilikuwa kali na njia iliyobaki ilikuwa ndefu.

Trezo anakuja kwangu Jumapili baada ya misa, anakaa, anakula kidogo, halafu anauliza: "Kama ningepunguza pale mwanzo, tungefika?" Nimeipita ile njia yote kichwani, nikamuweka Papa kwenye usukani, na magurudumu yake madogo na uvumilivu wake wote. Tungeongeza kijiji kimoja, pengine viwili. Kisha hata yeye angefika kwenye mashimo, angerudi ya pili, angerudi ya kwanza, na esanse ingeisha mbele kidogo. Vitesi ya nne inataka njia. Ujuzi wa Papa ninao wote hapa kichwani, na hakuna mahali pa kuuendesha.

Kwa hiyo ninamwambia Trezo hapana, mwanangu, tusingefika. Yeye anafikiri ninamufariji. Heri ingekuwa hivyo, maana kijana mwenye haraka unamugombeza, kesho anapunguza, lakini njia iliyokufa nani ataigombeza? Zamani Papa alimugombeza Feza, na safari iliyofuata tulifika.